Kalamu Aliyoichukua Mama Kabula

Siku ya kuniaga kazini walinipa saa ya ukutani, redio, na nafasi ya kusema maneno machache. Saa nimeitundika, redio ameichukua mke wangu, na maneno sikuyasema kwa sababu pilau lilikuwa limeshapakuliwa na hakuna hotuba inayoshinda pilau. Basi nayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaobaki wodini na kwenye zahanati za vijijini. Nilipandishwa cheo lini na nikalipwa nini, hayo yamo kwenye jalada langu na hata mimi sina hamu nayo. Nataka kusema juu ya wagonjwa wanaoletwa wamepindika: shingo imegeukia mgongoni, macho yamepanda juu, taya limekaza. Hao hawangoji tujifunze kwanza. Mmoja wao nilikaribia kumuua, na sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Nilifika Tabora mwaka wa pili baada ya Uhuru, kijana wa Kizaramo kutoka Kisarawe, nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kuazima. Kwenye hospitali niliyopangiwa kujifunza kazi nilikabidhiwa kwa Mzee Ramadhani, Mnyamwezi, dresa aliyeanza kufunga vidonda tangu enzi za Mwingereza. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Mzaramo?"

"Ndiyo, mzee."

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba meno ya ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwenu, mkamwibia kandambili zake za ngozi. Umezileta?"

Nikasema sikuzileta. "Basi marahaba," akasema, "lakini deni liko palepale."

Kwa wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ilipokuwa ikipita huko na huku. Mtani hukukejeli mbele za watu, nawe huruhusiwi kununa. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, nawe ukabaki unacheka kichwa wazi. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuvuruga kilio mpaka wafiwa wacheke. Kwa miaka yote niliyofanya kazi na Mzee Ramadhani sikumbuki siku aliyonisifu, na sikumbuki siku aliyonificha jambo.

Siku ya kwanza sikugusa mgonjwa. Niligusa sindano. Wakati huo zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ncha tulizinoa kwa jiwe laini. Ukishanoa unapitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, unanoa tena. Mzee Ramadhani alininoesha mpaka vidole vikafa ganzi. Ninyi mnaochana karatasi na kutoa sindano mpya hamtajua raha ya kuona ncha inapita kwenye pamba bila kunasa, na wala siwaombei mjue.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kupokea mgonjwa. Alidai kwamba wapagazi walipobadilishana mizigo njiani, mpokeaji hakuutia begani kabla hajauliza: mzigo umetoka wapi, umelowa wapi, nani ameufungua? Akishaupokea bila kuuliza, kila kilichopungua ni chake. Sina hakika kama ndivyo ilivyokuwa, maana mtani huongeza chumvi. Lakini kila mgonjwa aliyeingia mlangoni, kabla ya kupima homa, Mzee Ramadhani alimuuliza aliyemleta: "Mzigo umetoka wapi?" Maana yake, amekula nini, ameumia wapi, ametibiwa na nani, kwa dawa gani, lini. Sisi vijana tulikuwa tukimwiga kwa sauti yake ya puani tukicheka.

Wagonjwa waliotutisha zaidi walikuwa wa pepopunda. Walilazwa chumba cha peke yao, madirisha yamefunikwa mapazia mazito, mlango umefungwa kitambaa kwenye komeo usigonge. Tuliingia pekupeku na kunong'ona, kwa sababu kishindo kidogo tu kilitosha kumkunja mgonjwa kama upinde. Ili kutuliza mishtuko tuliwachoma klopromazini kila baada ya saa kadhaa. Dawa hiyo hiyo ilitumika kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, na huko ndiko Mzee Ramadhani alikofanya kazi miaka mingi kabla yangu.

Jumamosi moja alituita wanafunzi wote twende wodi hiyo kuna kitu tukaone. Nami nilikuwa na jambo langu: timu ya reli ilikuwa inacheza. Nikasema tumbo linaniuma. Jioni nikamuuliza mwenzangu walichoonyeshwa. "Mtu amepinda shingo tu," akasema, "mzee akamchoma sindano, akanyooka." Tukacheka, nikaendelea kumsimulia magoli. Yalikuwa matatu, na yote bado nayakumbuka.

Baadaye nilipelekwa Urambo, na ulipofika wakati wa vijiji vya Ujamaa nikapewa zahanati mpya kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, kabati moja la dawa na daftari moja kubwa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, wengine hawakupenda, na yote yaliyokuwa ya serikali waliyatazama kwa jicho la pembeni, sindano yangu ikiwamo. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aliniomba niseme mkutanoni. Nilisimama nikasema kwa kujiamini kwamba sindano ya serikali haina madhara. Watu wakapiga makofi. Nilijisikia mtu mzito.

Wiki iliyofuata Mama Kabula alimleta binti yake. Kabula alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mama yake. Alikuwa ameamkia shambani akichuma majani ya tumbaku yenye umande, nguo imelowa mwili mzima. Sumu ya tumbaku hupita kwenye ngozi. Wakulima huita kulewa tumbaku, na kila msimu nilikuwa nawaona. Alikuwa anatapika mfululizo. Nilipaswa kumvua nguo zile, kumwosha kwa sabuni, kumpa maji kidogo kidogo na kungoja. Badala yake nilifungua kabati. Kulikuwa na dawa ya kuzuia kutapika iliyoletwa karibuni, prokloperazini. Ni ndugu wa klopromazini, baba mmoja mama mmoja, ila wakati huo sikuujua ukoo wao. Nilimchoma kipimo cha mtu mzima kwa sababu alikuwa mrefu. Kutapika kukakoma, mama akashukuru kwa Kinyamwezi, "Wabeja, Bwana Mganga," wakaenda zao. Daftarini niliandika "kutapika, ametibiwa".

Kesho yake mchana walimrudisha juu ya kitanda cha kamba. Shingo imevutwa nyuma, taya limekaza, macho yametazama juu hayashuki. Unyayoni alikuwa na jeraha la mwiba. Nilipoliona jeraha lile nilifurahi kidogo, nakiri, kama mtoto aliyepata jibu la hesabu. Nikasema hii ni pepopunda.

Mama Kabula alikuwa ameshika miguu ya mwanawe. "Bwana Mganga, hakuwa hivi. Ameanza baada ya sindano yako."

"Mayo," nikamwambia, maana ndivyo mama anavyoitwa kwao, "sindano ya serikali haimpindi mtu shingo. Ni mwiba."

"Mwiba una wiki tatu. Sindano ni ya jana."

"Nani amesomea kazi hii, mimi au wewe?"

Baadhi ya waliombeba walikuwa wanasema apelekwe kwa Waswezi, wenye ngoma za mizimu, maana kwao mtu aliyepindika hivyo ameshikwa. Nikawakaripia nao. Siku hiyo nilikuwa mwingi wa kukaripia. Nikamchoma Kabula dawa ya kuzima sumu ya pepopunda na kumwandikia mama barua ya kwenda nayo Tabora kwa treni ya jioni: jeraha la mwiba, shingo na taya vimekakamaa, pepopunda. Sindano ya jana sikuiandika. Sikuwa na nia ya kuficha. Niliiona kitu kidogo cha kuharibia wino.

Asubuhi iliyofuata mtu wa stesheni alinifuata kwa baiskeli. Natakiwa kwenye simu ya reli. Nilipofika, steshenimasta alinipa chombo akabaki amesimama pembeni, na mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyekuja kuuliza habari za mabehewa ya tumbaku, naye alikuwa pale akisikiliza.

"Mzaramo," sauti ya puani ikasema kutoka Tabora, "simba hawajakula tu?"

"Simba wa Urambo wanachagua nyama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo umetoka wapi?"

Nikaanza kusoma barua yangu kwa kichwa: jeraha, shingo, taya. Akanikatiza.

"Hiyo nimeisoma. Sikiliza. Asubuhi hii nimeangusha beseni la chuma kwenye chumba cha pepopunda, bahati mbaya. Wote wameruka isipokuwa mtoto wako. Mdomo wake unakaza, halafu unalegea, halafu unaachama ulimi nje. Pepopunda haimpi mtu likizo. Na akili anazo: namuuliza ananibana mkono. Mama yake anasema alichomwa sindano. Daktari wa zamu anasema barua haina sindano. Usiku wamemchoma klopromazini, na sasa ni mbaya kuliko alivyokuja, pumzi inakoroma. Nakuuliza mara moja. Ulimchoma nini?"

Nilimtazama mwenyekiti. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu anipigie makofi. Ningeweza kusema klorokwini, na hakuna ambaye angejua, kwani daftari langu lilikuwa halisemi kitu. Nawaambia ukweli, nililifikiria. Kisha nikakumbuka neno aliloniambia, kwamba pumzi inakoroma.

"Prokloperazini," nikasema. "Juzi asubuhi. Kipimo cha mtu mzima. Mama yake alinieleza, nikamkaripia."

"Basi sisi huku tumemwongezea ndugu yake," akasema taratibu. "Nakwenda kumwambia daktari, tumchome promethazini ya kumnyoosha sasa hivi. Nawe panda treni uje. Hii ndiyo ile ya Jumamosi. Safari hii utaiona."

Kumbe miaka yote ile alijua kwamba tumbo halikuwa linaniuma.

Nilifika Tabora kesho yake asubuhi. Kabula alikuwa amehamishwa chumba chenye mwanga, amekaa kitandani anakunywa uji. Alikuwa amenyooka ndani ya nusu saa baada ya promethazini. Nikashusha pumzi mapema mno. Kabla bakuli halijaisha macho yake yakapanda, kidevu kikaanza kwenda begani polepole kana kwamba mtu asiyeonekana anakivuta, na machozi yakamtoka kwa sababu alikuwa anajua kinachokuja. Jambo hili mlishike: dawa inayopinda hukaa mwilini kuliko dawa inayonyoosha. Msimruhusu mgonjwa aende nyumbani kwa kuwa tu amenyooka. Mpeni ile ya kunyoosha kwa siku mbili tatu, na kila jamaa ya ile dawa ya kwanza ifungiwe kabatini.

Mzee Ramadhani alivuta dawa akanipa sindano. "Choma wewe."

Mama Kabula akasimama mbele ya kitanda. "Si huyu," akasema. Hakupaza sauti. "Mtu yeyote, si huyu."

Mzee akaichukua sindano mkononi mwangu akachoma mwenyewe. Mimi nikaambiwa nishike kichwa cha mtoto asijiumize. Nilikishika kwa viganja viwili, na kwa dakika zile nilisikia mishipa ya shingo ile imekaza kama kamba ya kisima yenye ndoo. Kisha ikaanza kulegea, kidogo, kidogo. Macho yake yakashuka yakakutana na yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nilishukuru kwamba nina kitu cha kushika.

Nje kwenye baraza nilimwomba Mama Kabula radhi. Alikuwa anatazama bustani. Nikarudia. Hapo Mzee Ramadhani akaingilia.

"Mayo, unajua huyu ni kabila gani?"

"Sijui."

"Mzaramo."

Mama Kabula akageuka. "Mzaramo? Mtani?"

"Mtani kabisa. Tena babu yake ndiye mwizi wa kandambili. Usimsamehe bure, mtoze."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Yeye hakucheka, lakini uso ulibadilika. Ni kama alikuwa amebeba kitu na sasa ameonyeshwa mahali pa kukitua. Akanisogelea, akanitazama kofia, akaiacha. Akatazama saa yangu, akaiacha. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati langu akachomoa kalamu yangu ya wino, zawadi ya marehemu baba yangu nilipoanza kazi. Sikuruhusiwa kununa.

Akanirudishia kwa muda. "Andika," akasema. "Jina la sindano ile, na ndugu zake. Andika kwamba mwanangu asichomwe. Na uandike nani alimchoma."

Nikaandika. Jina la dawa, majina ya jamaa zake aliyonitajia Mzee Ramadhani, tarehe, na mwisho: "Nilimchoma mimi," na sahihi. Akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akachukua kalamu tena.

"Mayo, hiyo ni ya baba yangu."

"Inakaa kwangu. Wewe hujui kazi yake."

Niliporudi kijijini, mwenyekiti aliitisha mkutano, nikasimama palepale nikasema nilichofanya. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini tangu siku hiyo kila mama wa kijiji kile, kabla hajageuza mtoto achomwe, aliuliza: sindano ya nini, inaitwaje, andika. Manesi wa chanjo waliokuja kwa gari walilalamika kwangu kwamba watu wa huku ni wabishi. Nikawaambia pole, wamefundishwa na mtu mmoja mbishi zaidi.

Baada ya hapo niliwaona wengi waliopindika, na nilizoea kuanza na daftari kabla ya mgonjwa. Nilimwona msichana wa shule aliyechapwa na mwalimu kwa utundu, kumbe mikono yake ilikuwa ikicheza bila yeye kutaka, kwa ugonjwa ulioanzia kooni na kushuka mpaka moyoni. Huyo nilimpeleka Tabora akapimwe moyo, na mwalimu nilimpeleka pembeni tukazungumza. Nilimwona pia fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa akili, aliyeletwa mwili mgumu kama mbao, anawaka homa, jasho linamtiririka, hajui yuko wapi. Kwa siku tatu alikuwa ametibiwa malaria huku akiendelea kupewa dawa za akili mara tatu kwa siku, na dawa hizo ndizo zilizokuwa zinamuua. Tulizisimamisha, tukampoza kwa maji, tukampa ya kunywa. Tulikuwa tumechelewa, akafa. Mgonjwa wa dawa za akili akikakamaa na kuwaka homa, msiseme malaria mkalala. Simamisheni dawa kwanza, kisha mtafuteni mkubwa wenu hata kama amelala.

Mzee Ramadhani alifariki akiwa amekwisha kustaafu. Nilikwenda mazishini kama mtani. Nikalala mbele ya watu waliobeba jeneza nikasema hapiti mtu mpaka nionyeshwe kandambili za babu yake, maana sasa naona ni yeye aliyezificha. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nalia huku nimelala pale, na nadhani waliona.

Miaka ilipita, nikahamishiwa hospitali ya mjini. Siku moja mchana nesi mgeni alinijia amekunja uso.

"Shikamoo, mzee. Kule kwa wajawazito kuna mama anatuzuia kazi. Binti yake ana mimba changa anatapika vibaya, nimeshavuta dawa, mama huyo anasema haichomwi mpaka nisome karatasi yake."

"Umeisoma?"

"Mzee, karatasi yenyewe ya zamani, imechakaa."

Nikaichukua. Ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mikunjo imeshonwa kwa uzi mweupe. Dawa iliyokuwa kwenye sindano ya nesi ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Chini kulikuwa na sahihi yangu.

Nesi alisoma mstari wa mwisho, akanitazama, akaenda kuimwaga dawa bila kuambiwa. Kabula alitundikiwa maji, akapewa promethazini, akalala vizuri. Nilimkuta Mama Kabula kwenye benchi la nje, mvi zimejaa. Tuliamkiana, tukataniana kidogo, nikaona ni wakati mzuri.

"Mayo, si unirudishie kalamu yangu sasa?"

"Bado," akasema. "Bado unachoma watu."

Siku ya kuniaga hakuja; miguu haimruhusu tena. Alimtuma Kabula, mama wa watoto wanne sasa, na kifurushi kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikifungua nyumbani baada ya watu kuondoka. Ilikuwa kalamu ya baba, imesuguliwa inang'aa, na ujumbe aliokuwa amemwambia Kabula anifikishie neno kwa neno: "Mwambie mtani, sasa ameacha kuchoma watu. Aandike."